Mvua kubwa, upepo na radi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa vyuo vikuu Mombasa

Nimeishi katika hosteli za Mombasa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi, halafu mlezi wa hosteli. Kila masika maswali ni yale yale, na mengi huja saa ambayo mvua imeshashika na aliyeuliza ameshavua viatu avuke barabara. Nimeyaweka hapa ili yasomwe mchana wa jua. Chuo chako kikitoa maagizo yake, yafuate hayo kwanza.

## Mambo ya mwanzo

1. Nimetoka bara. Hali mbaya ya hewa Mombasa ni ipi, na huja lini?

Mvua ndiyo kubwa. Masika huanza mwisho wa Machi na kuendelea hadi mwanzo wa Juni, na mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote huku pwani ni Mei. Hilo huwapoteza wageni wengi: aliyezoea Nairobi, ambako Aprili ndio kilele, hufika Mei akidhani mvua imekwisha.

Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Kwa kawaida ni mvua ndogo, lakini mwaka wa El Niño hugeuka kabisa. Mafuriko ya mwisho wa 1997 na ya Novemba 2023 yote yalikuja wakati wa vuli.

Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba na huichafua bahari. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio msimu wa joto. Radi tunazo pia, ingawa si kwa wingi kama Kisii au Kakamega.

2. Nimetumiwa tahadhari kwenye WhatsApp. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Tangazo la Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huwa na tarehe ya kutolewa, saa ya tahadhari kuanza na kwisha, na majina ya kaunti zinazohusika. Ujumbe usio na tarehe ni wa kutiliwa shaka hata ukiwa na nembo. Kila mwaka huzunguka picha za mafuriko ya miaka ya nyuma, au ya nchi nyingine, zikisemwa ni za leo asubuhi. Nenda kwenye kurasa za idara yenyewe ukaangalie, au sikiliza taarifa ya habari ya redio. Usipoipata huko, usiisambaze.

Ukikuta imeandikwa milimita 50, jua maana yake: milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Paa la hosteli lenye mita mraba 100 litamwaga lita 5,000 uani. Hilo ni paa moja.

3. Kwa nini siku nyingine mvua kubwa hupita salama, na siku nyingine mvua ya saa moja inafunga barabara?

Mitaro na bahari. Mitaro mingi ya mji imezibwa na chupa na mifuko, na hata ile iliyo wazi humalizikia baharini au kwenye mkono wa bahari kama ule wa Tudor. Maji ya bahari yakiwa yamejaa, maji ya mvua hayana pa kutokea.

Muulize mvuvi yeyote atakwambia habari za bamvua, yaani maji makubwa ya bahari. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hukaribia mita 4, na bamvua hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri. Saa kumi ya alasiri ndiyo saa mihadhara inapotoka. Mvua kubwa ikikutana na bamvua saa hiyo, maji husimama barabarani mpaka bahari ianze kupwa. Kwa hiyo wakati wa masika mimi hutazama mwezi kama ninavyotazama mawingu.

4. Niwe na nini chumbani kabla ya masika?

Tochi ambayo si ya simu. Paua banki iliyojaa. Maji safi ya kunywa ya siku mbili, kwa uchache lita 6 kwa mtu. Mfuko wa plastiki mzito unaofungwa vizuri, wa kutilia kitambulisho, vyeti na dawa zako. Kama uko chumba cha chini, usiweke chochote cha stima wala karatasi chini ya kitanda.

Hifadhi namba hizi kwenye simu: 999 au 112 za dharura, 1199 ya Msalaba Mwekundu (haitozwi), 97771 ya Kenya Power, na ya walinzi wa lango la chuo chako. Hiyo ya mwisho wengi hawana, na hao ndio watakaokufikia mwanzo.

## Njiani

5. Mvua imenikuta chuoni jioni. Nitoke au nibaki?

Baki. Wengi niliowaona wakiumia miaka hii yote hawakuumia ndani ya jengo. Waliumia kati ya lango na nyumbani, wakiwahi giza au wakiwahi matatu kabla nauli haijapanda.

Maktaba, ukumbi wa mihadhara na msikiti wa chuo vimewahi kulaza watu. Mwambie mlinzi kwamba umebaki, na nyote kaeni sehemu moja yenye mwanga, ghorofa ya kwanza kwenda juu. Mlinzi akisema jengo hufungwa saa mbili, mwombeni kwa upole ampigie mkubwa wake. Sijaona mlinzi anayewatupa watu nje kwenye mafuriko wakishamweleza hali zao.

6. Maji yamefika vifundoni tu. Kwa nini nisipite?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa yaliyonipata. Mwaka wangu wa pili nilivuka barabara ya mbele ya chuo, champali mkononi, maji ya vifundoni, rangi ya chai ya maziwa. Hatua ya nne, mguu wa kushoto haukukuta chini. Kifuniko cha shimo la maji taka kilikuwa kimeinuliwa na nguvu ya maji na kusukumwa kando, na nilizama mpaka paja. Nilichoshikilia ni ukingo wa saruji, kwa viwiko. Muuza mihogo aliyekuwa amejibanza chini ya kibaraza alinivuta kwa mkanda wa begi. Kovu ninalo kwenye ugoko mpaka leo.

Maji ya mafuriko hayaonyeshi kilicho chini yake: shimo, msumari, waya wa stima. Na yakiwa yanakwenda kasi, sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima. Vifundo vyako viko karibu na sentimita 10.

Ikiwa kubaki mahali ulipo kuna hatari kubwa zaidi na huna budi kupita, vaeni viatu vilivyofungwa, mwende wawili au zaidi mkishikana, na wa mbele apime kila hatua kwa fimbo au mpini wa ufagio. Pita mahali ulipopaona kukiwa kukavu. Kando ya ukuta kwenye waya au taa za nje usipite (tazama swali la 11).

7. Na nikiwa ndani ya matatu au tuktuk?

Sentimita 30 za maji yanayokwenda zinaweza kuliinua gari dogo, na 60 hulichukua hata gari kubwa kiasi. Tuktuk ni nyepesi kuliko zote. Dereva akitaka kuingia kwenye maji asiyoyaona mwisho wake, mwambie asimame, ulipe, ushuke. Usione haya. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu huko Kitui, na zaidi ya watu 30 walikufa. Kingo za mto zilikuwa na watu waliokuwa wakitazama.

Boda boda kwenye mvua kubwa, hapana.

8. Naishi Likoni. Nifanyeje na feri?

Mvua ikiwa kubwa au upepo mkali, feri huchelewa na watu hurundikana kwenye mteremko wa kuingilia, ambao ukilowa huteleza. Hatari iko hapo zaidi kuliko katikati ya kivuko. Usikimbilie feri inayotaka kung'oa, usisimame kwenye ukingo, na ukiona imejaa kupita kiasi, ngoja ifuatayo. Watu wa Mtongwe hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipopinduka na kuwachukua watu 272.

Njia ya Dongo Kundu, isiyopita kwenye feri, ipo kwa aliye na gari au nauli, lakini ni ndefu. Usiku wa mvua, bora swali la 5.

## Hosteli

9. Maji yanaingia chumbani. Nianze na nini?

Stima. Kabla ya godoro, kabla ya daftari, kabla ya viatu.

Kama swichi kuu iko mahali pakavu na wewe umesimama pakavu, izime. Kama lazima ukanyage maji ndipo uifikie, iache. Toka nje, mwite mlezi au fundi, na wazuie wengine wasiingie. Niliwahi kufungua mlango wa chumba cha chini usiku wa saa tisa. Maji yalikuwa ya kiwiko cha mkono, champali mbili zinaelea, na chini ya kitanda, ndani ya maji, taa ndogo ya kijani ya chaja ilikuwa bado inawaka. Ekstensheni ilikuwa hai. Mwenye chumba alikuwa ameketi kitandani miguu juu, akijiandaa kushuka aokoe vitabu vyake. Nilimwambia akae hivyo hivyo mpaka tulipozima stima ya jengo zima.

Stima ikishazimwa, ndipo upandishe vitu juu. Anza na dawa na vyeti. Kisha nenda ghorofa ya juu, usibaki kuchota maji kwa beseni wakati bado yanaingia.

10. Stima imerudi na maji yamepungua. Naweza kuchomeka?

Si mpaka fundi aangalie. Soketi iliyolowa hukauka nje ikabaki na maji ndani ya ukuta kwa siku kadhaa. Chaja, pasi na koili ya kuchemshia maji zilizozama usizijaribu hata kama zimekauka juani. Koili hasa: nyingi ni za bei rahisi, hazina waya wa ardhi, na tunazitia ndani ya ndoo kwa mkono.

11. Waya umeanguka uani. Ni wa stima au wa intaneti?

Huwezi kujua kwa kuutazama, basi uchukulie ni wa stima. Kaa mita 10 mbali, na kama umelala kwenye maji, kaa mbali zaidi. Maji yote yale yahesabu kuwa hai. Piga 97771 na uwaite walinzi wazuie njia. Mtu akiwa amenaswa, usimguse. Najua ni vigumu, ni rafiki yako, lakini ukimshika mtakuwa wawili.

12. Kusi inavuma na mabati yanapiga kelele. Nikae wapi?

Ndani, mbali na madirisha ya vioo. Usipite chini ya mnazi mrefu au mwembe mkongwe. Nazi moja kutoka juu ya mnazi inatosha kuua. Bati lililoanza kunyanyuka usipande kulipigilia, bali mwite mwenye jengo upepo ukitulia. Siku ya jua, tazama kama kuna matawi yanayoegemea paa lenu na uandike barua kwa ofisi inayosimamia majengo. Weka nakala.

## Radi

13. Tuko uwanjani tunacheza mpira na ngurumo zimeanza. Tumalize mchezo?

Tokeni uwanjani. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo: kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu vya kutosha kuwafikia. Ingieni ndani ya jengo la ukuta au gari lililofungwa. Kibanda cha makuti si kinga, na kivuli cha mti ni kibaya zaidi. Rudini uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kocha asiyekubali, mwache yeye uwanjani.

14. Ni kweli nifunike kioo na nisivae nguo nyekundu? Na simu je?

Wazee wetu walifunika vioo kwa leso, na waliokuwa wametulia ndani wakifunika vioo walikuwa salama kwa sababu walikuwa ndani. Kioo hakivuti radi, wala rangi ya nguo. Simu ya mkononi haivuti radi; ila ikiwa imechomekwa kwenye chaja, iache. Usioge wala usifue kwenye bomba wakati radi inapiga, maana umeme hupita kwenye mabomba.

Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse, mwite msaada, na kama hapumui anza kumkandamiza kifua mara moja.

## Bahari na vimbunga

15. Kusi ikivuma naweza kuogelea Pirates au Nyali?

Waulize waokoaji wa ufukweni, na wakisema hapana usijadili nao. Siku ya mvua kubwa usiingie hata bahari ikitulia: maji taka ya mji yote yanaishia humo.

16. Kimbunga kinaweza kufika Mombasa?

Ni nadra sana. Mombasa iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, na vimbunga huhitaji msokoto unaotokana na dunia kuzunguka, ambao karibu na ikweta ni dhaifu mno. Lakini kimbunga kikipita kusini yetu tunapata makali yake. Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, mwanzoni mwa Mei 2024, na huku kwetu tulitahadharishwa juu ya mawimbi na upepo mkali. Siku hizo hizo serikali iliahirisha kufunguliwa kwa shule kote nchini kwa sababu ya mafuriko. Tahadhari ya namna hiyo ikitoka, ufukweni usiende hata kutazama.

## Mitihani na masomo

17. Mtihani ni saa tatu asubuhi na barabara imejaa maji. Nifanye nini?

Usivuke. Nalisema hili nikijua karo ilivyopatikana nyumbani, na nikijua mtihani mmoja unaweza kukurudisha mwaka. Lakini mtihani una njia ya kurudiwa.

Kabla ya saa tatu, si baada yake, mwandikie mhadhiri na mwenyekiti wa idara: jina, namba ya usajili, somo, uko wapi, kwa nini huwezi kufika. Piga picha ya barabara ukiwa umesimama pakavu. Mwombe mwenzako mnayekaa mtaa mmoja naye aandike. Mvua ikitulia, peleka barua ya maandishi ofisini na uombe mhuri kwenye nakala yako. Unachoomba ni mtihani maalumu, ambao katika vyuo vingi husahihishwa kama mtihani wa kwanza, si wa marudio ambao alama zake huwekewa kikomo. Litaje jina hilo ndani ya barua.

Wahadhiri, nanyi mnasoma hapa: ukiahirisha mtihani, tangaza usiku, si saa mbili unusu wakati mwanafunzi wa Kisauni ameshafika Bombolulu na maji kiunoni.

18. Niko maabara, jaribio linaendelea, stima imepotea. Niondoke tu?

Funga gesi, funika kemikali, zima kila kilichokuwa kikiwaka ili kisiwake chenyewe stima ikirudi. Kisha toka: feni ya kuvuta moshi nayo imesimama. Mwambie msimamizi ulichoacha mezani.

## Joto

19. Joto nalo ni hali mbaya ya hewa?

Ndiyo, na Februari na Machi huku nyuzi 32 zenye unyevu ni nzito kuliko zilivyo kwenye karatasi, hasa ndani ya ukumbi wa mabati. Kunywa maji kabla hujahisi kiu. Mtu akianza kuongea ovyo, mwili ukawa moto sana, au akazimia, hiyo ni dharura: mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, piga simu.

Miaka hii Ramadhani inaangukia miezi hiyo hiyo. Aliyefunga apunguze jua la mchana na michezo aipeleke baada ya futari. Akizidiwa hivi, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

## Baada ya mvua

20. Maji ya kisima cha hosteli yanaonekana safi. Ninywe?

Hapana. Visima vingi vya Mombasa viko karibu na mashimo ya vyoo, na mafuriko huvichanganya hivyo viwili. Kipindupindu hakina rangi. Chemsha mpaka maji yatokote sawasawa kwa dakika moja, au tia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mtungi unaouzwa na mkokoteni nao uchemshe, maana hujui ulijazwa wapi.

21. Wiki mbili baada ya mvua nina homa na viungo vinauma. Ni malaria?

Huenda, au ni denge, au chikungunya, ambayo iliikumba Mombasa mwisho wa 2017 hadi mwanzo wa 2018. Mbu wa denge na chikungunya huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: ndoo, kopo, gurudumu. Nenda ukapimwe. Mpaka uwe na jibu, usinywe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu denge ikiwa ndiyo, huzidisha kutokwa na damu. Parasetamoli inafaa. Na ukipita majini ukiwa na kidonda, osha kwa sabuni na maji safi siku hiyo hiyo. Ukichomwa na msumari, kadungwe sindano ya pepopunda.

## Hali za pekee

22. Mwenzetu anatumia kiti cha magurudumu na anakaa chumba cha chini. Tumsaidieje?

Muulizeni yeye, leo, kukiwa kukavu. Atawaambia abebwe vipi, kiti kikunjwe vipi, na dawa zake ziko wapi. Chagueni watu wanne wa ghorofa ile ile, kwa majina, kwa kuwa "sote tutamsaidia" mara nyingi hugeuka kuwa hakuna aliyekwenda. Na mwandikieni mlezi wa hosteli ahamishwe chumba kabla ya masika; kama ghorofa za juu hazina lifti, apewe jengo lenye msingi wa juu.

23. Mtandao umekufa, wazazi nyumbani wameona mafuriko kwenye televisheni. Nitawafikiaje?

Tuma ujumbe mfupi wa kawaida. Mtandao ukiwa umelemewa, ujumbe mara nyingi hupita pale ambapo simu haipiti. Mtumie mtu mmoja nyumbani awaambie wengine, kisha weka simu kwenye hali ya kuokoa betri. Maneno machache yanatosha: "Mama, niko salama, niko maktaba na wenzangu, nitalala hapa."